Dereva Aliyekodiwa na Mama Mkwe

Rebeka alikuwa ameinama uani kwa mama mkwe wake, mtaa wa Kamunyonge mjini Musoma, akimfunga binti yake Nyamburi kamba za viatu, aliposikia sauti ya mwanamume ikibisha hodi getini. Vidole vikamfa ganzi hapohapo. Sauti hiyo aliijua. Jana yake tu jioni ilikuwa sikioni mwake, kwenye simu, akiwa amejibanza nyuma ya jiko, ikimtakia mapumziko mema na wakwe zake.

Aliinua kichwa polepole, kama mtu anayeogopa kuona. Mashimba alikuwa amesimama getini na shati jeupe lililopigwa pasi, funguo za gari mkononi. Naye alipomwona Rebeka, tabasamu alilowaandalia wateja lilimgandia usoni.

Mama Matrida, mama mkwe wake, alitoka ndani akijifunga kitambaa kichwani. "Wewe ndiye Mashimba?" alimuuliza.

"Ndiyo mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Umewahi. Ngoja tupakie vyombo."

Rebeka aliendelea kufunga kamba zilizokwisha fungwa. Mtoto alimwambia viatu vinambana, ndipo akagundua alivyovikaza.

Alikuwa na miaka thelathini na minne, mwalimu wa shule ya msingi Nyasura, Bunda, na miaka minne ilikuwa imepita tangu mume wake Abednego afariki kwa ajali ya barabarani. Kila likizo alimchukua Nyamburi, aliyekuwa na miaka minane sasa, akampeleka Musoma kwa bibi yake. Mwezi huo wa sita walikuwa wamekuja pia Nathanieli, kaka mkubwa wa marehemu, na mkewe Adventina, kutoka Dodoma. Mama Matrida alikuwa ametangaza siku tatu mapema kwamba mwaka huu hawatakaa uani wakimenya mihogo. Adventina ameolewa Mara miaka tisa, alisema, na hajui kitu cha Mara isipokuwa jiko lake. Atakodi gari, watembee siku nzima: waanzie bandarini Mwigobero, waone mawe ya ziwani, waende Butiama, kisha warudi kula samaki ufukweni. Hakuna aliyemuuliza gari atalitoa wapi.

Rebeka na Mashimba walikuwa na mwaka na nusu. Walijuana siku walimu walipokodi gari lake kwenda kumzika mwenzao. Jioni alipowarudisha, kila mtu alishuka akaenda zake. Rebeka peke yake ndiye aliyegundua kwamba gari halijaondoka mpaka alipofungua mlango wake na kuwasha taa. Mashimba alikuwa mtu wa vijiji vya pamba huko Bunda, Msukuma wa miaka arobaini, aliyeachana na mkewe zamani bila mtoto. Hakuwa na maneno mengi. Lakini akikaa kwenye kiti cha jikoni kwa Rebeka, mchana, mtoto akiwa shule, nyumba nzima ilikuwa kama imepumua.

Hakuna aliyejua. Hata Nyamburi hakuwahi kumwona. Siku ya kumaliza matanga Nathanieli alikuwa amesema neno mbele ya ukoo, bila ukali, kama mtu anayesoma tangazo: mwanamke akitaka kuondoka, njia ipo wazi, ila mtoto wa Abednego atabaki kwao. Neno hilo Rebeka alilala nalo na kuamka nalo kwa miaka minne.

Sasa Nathanieli alitoka na kofia yake ya jua, akalizunguka gari, akasoma neno Bunda lililoandikwa nyuma, akalipiga tairi teke la kulipima, kisha akageuka.

"Shemeji, huyu bwana si wa huko kwenu Bunda? Mnafahamiana?"

Wote walimtazama. Mama Matrida alikuwa ameshika sufuria la maandazi, amesimama tu.

"Hapana," Rebeka alisema. "Simjui."

Neno lilimtoka kwa wepesi uliomshtua yeye mwenyewe. Mashimba alitazama chini, kisha akamfungulia mlango. "Karibu mama," alisema, kama anavyomwambia abiria yeyote.

*

Mwigobero palikuwa pamechangamka. Mitumbwi ilikuwa inashusha watu wa visiwani, wanawake wamepanga sato kwenye mabeseni, na dagaa walioanikwa walinukia mpaka barabarani. Adventina alipiga picha kila kitu. Nathanieli alitembea mbele akieleza zamani meli zilifika wapi na bei ya samaki ilikuwaje. Rebeka hakusikia hata nusu. Macho yake yalikuwa kwa mama mkwe wake, ambaye alikuwa amebaki nyuma, anatembea bega kwa bega na dereva.

Mama Matrida hakuwa mtu wa kupiga soga na wageni. Majirani wa miaka ishirini walikuwa bado wanamwogopa. Lakini asubuhi hiyo alikuwa anamhoji Mashimba kama karani wa sensa: wazazi wake wako hai, anasali wapi, pombe anakunywaga, mke yuko wapi. Rebeka alidaka vipande vipande. Alisikia Mashimba akijibu kwamba pombe aliiacha, kwamba mama yake yuko hai na anamlisha mwenyewe. Alimsikia pia akinyamaza kidogo kabla ya kujibu swali la mke. "Kwa sasa sina, mama," alisema.

Rebeka alipunguza mwendo. Alijiambia ni mazungumzo ya njiani tu, wazee wanapenda kuuliza.

Kwenye mawe makubwa ya ufukweni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Minandi, ndege weusi wa ziwani, walikuwa wamejaa juu ya mawe, wametandaza mabawa wayakaushe, na Nyamburi alitaka kuwaona kwa karibu. Aliteleza kwenye jiwe lenye ukoga. Kabla Rebeka hajafungua mdomo Mashimba alikwisha mdaka mkono, akamwinua, akamkalisha mabegani. Mtoto alicheka, akamshika masikio kama usukani. Rebeka aligeuka upande wa ziwa ili uso wake usionekane, akakuta Mama Matrida anamtazama. Hakutabasamu. Alimtazama tu, kwa muda mrefu, kisha akaomba maji ya kunywa.

*

Butiama walifika saa sita. Walitembelea makumbusho, wakaona picha za zamani, wakasimama kwenye kaburi la Mwalimu, Baba wa Taifa, na Mama Matrida akapiga ishara ya msalaba. Nathanieli alipotaka wapige picha ya pamoja, Mama Matrida alimwita dereva. Nathanieli alidhani anaitwa kushika simu, akamnyooshea. Mama yake akamzuia.

"Simu ashike yule kijana wa makumbusho. Huyu asimame hapa na sisi. Ametutembeza."

Alimsogeza mwenyewe, akamshika kiwiko, akamweka karibu na Rebeka. Mikono yao iligusana kwa nyuma kidogo. Rebeka alihisi joto la ngozi ile anayoijua, na damu ikampanda masikioni. Kwenye picha hiyo, akiitazama baadaye, alionekana kama mtu aliyepigwa kofi.

Wengine walipoingia kwenye duka la vinyago, alisema anamfuatia Nyamburi sweta garini. Mashimba alikuwa ameegemea mlango, hamwangalii.

"Mashimba, umefanya nini? Umekujaje hapa?"

"Nilipigiwa simu. Mama mmoja wa Musoma anataka gari ya familia siku nzima. Mimi nitajuaje ni mkweo? Kamunyonge ina watu wangapi?"

"Ungesema gari limeharibika. Ungeondoka."

"Mbele ya mama mtu mzima, nimeshafika getini?" Alimgeukia sasa, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha. "Rebeka, nimekaa mwaka na nusu naingia kwako kwa mlango wa nyuma. Sijawahi kulalamika. Nilikuwaga najiambia, ipo siku. Lakini leo nimekusikia kwa masikio yangu. Simjui. Hukusita hata kidogo."

"Watanichukulia mtoto. Unajua hilo."

"Najua."

"Sasa ulitaka niseme nini?"

Alifikiri. Ndivyo alivyokuwa, hata akiwa na uchungu alitafuta jibu la kweli. "Sijui," alisema. "Ungesema hata kwamba uliwahi kupanda gari yangu. Kitu chochote. Sio kunifuta hivyo."

Akafungua mlango, akamtolea sweta, akampa. Rebeka aliutazama mkono ule. Alitaka kuushika. Lakini Adventina alikuwa ametokea mlangoni mwa duka, na Rebeka akaipokea ile sweta kwa adabu, akasema asante kwa sauti ya kusikika, akaondoka akiwa anajichukia.

*

Walirudi Musoma jua limeanza kulegea, wakapata meza ufukweni, chini ya paa la makuti. Waliagiza sato wa kukaanga na ugali wa muhogo. Nyamburi alikula haraka akaomba kwenda kuchezea mchanga. Mashimba alikuwa amebaki garini, lakini Mama Matrida alimtuma Adventina akamwite, na alipokuja akamwonyesha kiti. Nathanieli alikunja uso, akasema dereva huwa anapewa chakula chake pembeni. Mama yake akamsogezea Mashimba bakuli la kunawia.

Rebeka alimega tonge likamkauka mkononi. Kisha Nathanieli alijifuta vidole, akakohoa.

"Mama, kwa kuwa tuko wote, kuna neno nataka niliseme. Huyu bwana atatuvumilia, ni mambo ya nyumbani." Alitazama meza, siyo watu. "Nimefikiri sana habari ya marehemu mdogo wangu. Nyumba yake haiwezi kuendelea hivi. Shemeji yuko peke yake Bunda, mtoto anakua hana baba. Nimeshaongea na wazee wawili. Nitamjengea hapa Kamunyonge, atafutiwe uhamisho aje shule ya Musoma, na mimi nitamchukua. Kwa taratibu zetu za kurithi. Asitoke nje ya ukoo."

Alikuwa amevua kofia aliposema mdogo wangu, na Rebeka aliona kwamba hakuwa anafanya mzaha, wala haikuwa tamaa. Alikuwa anaamini. Hilo ndilo lililomtisha.

"Utamchukua wapi?" Adventina aliuliza, taratibu.

Alikuwa amekaa na mwiba wa samaki katikati ya vidole, anamtazama mume wake kama mtu aliyemkuta njiani. Hakuwa ameambiwa. Miaka tisa ya ndoa, na jambo hilo amelisikia mezani pamoja na dereva wa kukodi.

Rebeka aliweka tonge chini. Alisikia maji yakipiga mchanga, akasikia kicheko cha Nyamburi kwa mbali, na upande wa pili wa meza aliona mikono ya Mashimba imeshuka magotini.

"Umemaliza?" Mama Matrida alimuuliza mwanawe.

"Nimemaliza, mama."

"Basi na mimi nina langu." Alinawa mikono bila haraka, kidole kimoja kimoja. "Mwaka jana mama Nyamburi alipasuliwa tumbo. Nilipopata habari nilipanda basi ya kwanza, nikafika hospitali kabla hawajafungua kuona wagonjwa. Nje ya wodi nikamkuta mwanaume amelala kwenye benchi, chupa ya uji imewekwa kichwani pake. Nikamuuliza nesi, huyu ni nani. Akaniambia huyo yupo siku ya nne, haondokagi, anaombaga tu tumpelekee mgonjwa wako uji. Nikajificha kwenye kona mpaka alipoamka akaenda kwenye gari yake. Nyuma ya gari kulikuwa na namba ya simu. Nikaiandika."

Rebeka aliona meza, sahani, ziwa, vyote vikiwa mbali, kama anavitazama kupitia dirisha la basi. Mwaka mzima. Mwanamke huyu alikuwa amejua mwaka mzima, Krismasi, Pasaka, akimpakulia chakula, akimpikia uji, hakusema neno.

"Nilingoja uniambie," Mama Matrida alimgeukia. "Kila ukija nilikuwa najiambia, leo atasema. Hukusema. Leo asubuhi nikasema, akimwona mbele yake hatakuwa na pa kukimbilia. Na wewe ukasema humjui."

"Mama," Rebeka alisema.

"Uliniogopa mimi?"

Nathanieli alikuwa amesimama. Alimtazama Mashimba, akamtazama shemeji yake, na uso wake ulipitiwa na vitu vingi kwa wakati mmoja. Alisema mtoto wa Abednego hawezi kulelewa na Msukuma wa kuendesha abiria. Alisema mama yake amelogwa. Alisema hata kama wote wamepatana, mtoto atabaki.

"Mtoto atakaa na mama yake," Mama Matrida alisema. "Mimi ndiye niliyemzaa Abednego. Hao wazee wawili uliowaongelesha, mimi nitawaongelesha kesho. Kaa chini, Nathanieli."

Hakukaa. Lakini hakuondoka pia.

Mama Matrida akamgeukia Mashimba. "Nilikukodi nikuangalie siku nzima. Mtu anaweza kuigiza saa moja kanisani, ila siku nzima barabarani, na jua na njaa na mtoto wa mtu, anachoka kuigiza. Nimekuona. Sasa nikuulize mbele ya hawa. Unamtaka?"

Rebeka alimtazama. Alijua jibu lake. Alilisikia mara ngapi jikoni kwake. Aliliomba lije.

Mashimba alisogeza sahani pembeni. "Mama, nakushukuru kwa heshima," alisema. "Lakini asubuhi aliulizwa kama ananijua, akasema hapana. Mimi sitaki nipewe yeye kama huyu bwana alivyotaka kumchukua. Sina la kusema mpaka yeye aseme."

Akaweka funguo za gari mezani.

Wote walikuwa wanamtazama Rebeka sasa. Nathanieli na taya zake zilizokaza. Adventina na machozi ambayo hakuyafuta. Mama mkwe ambaye hakuwa anaonyesha lolote. Hofu ya miaka minne ilikuwa pale pale, kifuani, ila kwa mara ya kwanza haikuwa na mlango wa kujifungia. Kila kitu kilikuwa kimeshasemwa na wengine. Kilichobaki ni chake.

Alisimama. Akashika ukingo wa meza.

"Namjua," alisema. "Anaitwa Mashimba. Hali pilipili. Akichoka anaimba kwa Kisukuma na hajui kama anaimba. Asubuhi nilisema uongo kwa sababu nilimwogopa shemeji, na wewe mama, na nilikuwa tayari kumpoteza huyu ili nisimpoteze mtoto. Nisamehe, Mashimba. Nampenda. Nataka kuishi naye mchana, watu wakituona."

Mashimba aliinamisha kichwa. Mabega yake yalitikisika mara moja, kisha akanyoosha mkono juu ya meza, kati ya mifupa ya samaki na sahani chafu, kiganja juu. Rebeka akaweka wa kwake.

Nathanieli alichukua kofia yake. Alimwambia mkewe waondoke. Adventina alitikisa kichwa, akasema yeye atarudi na mama, na kwamba watazungumza wawili, na kwamba ni heri aanze kufikiri atamwambia nini. Nathanieli alisimama pale kidogo, kama anasubiri mtu ambaye hayupo amtetee. Kisha akashika njia ya kuelekea barabarani, wakasikia akiita bodaboda.

Rebeka aligeuka kumshukuru mama mkwe wake. Kiti kilikuwa kitupu.

Mama Matrida alikuwa amevua kandambili, amekwisha fika majini. Alitembea na kitenge chake kikiloana, mpaka maji yakamfika magotini, akasimama ameupa mgongo ufukwe mzima. Rebeka alidhani amekasirika. Aliachia mkono wa Mashimba, akamfuata mbio, maji yakimrukia, akijipanga kuomba radhi. Alipomfikia akakuta analia. Siku ya mazishi Mama Matrida hakudondosha chozi. Ndiye aliyewapangia watu kazi na kuhesabu vyombo. Sasa uso wote ulikuwa umelowa, na mdomo ulikuwa unatetemeka kama wa mtoto.

"Mama, nimekukosea."

"Hujakosea." Aliongea kwa shida. "Ni kwamba tangu siku ile nilikuwaga nasema, mwanangu bado ana mke. Bado ana nyumba yake Nyasura, na taa inawashwa. Kwa hiyo ni kama yuko safarini. Nilikutafutia huyu mtu mwenyewe, nikamkodi mwenyewe, nikadhani nimekuwa tayari." Akashika mkono wa Rebeka kwa nguvu iliyouma. "Sasa umesema unampenda, na leo ndipo Abednego wangu amekufa."

Rebeka alimkumbatia palepale majini, kifua kwa kifua, akahisi mwili ule mgumu aliouogopa miaka yote ukimwegemea wote, mwepesi kuliko alivyodhani. Akaanza kulia naye.

"Usiniachie," Mama Matrida alisema begani kwake. "Nitaanguka."

"Sikuachii, mama."

Na hakumwachia, hata Nyamburi alipowaita kutoka ufukweni, akiuliza kwa nini wanaogelea na nguo.